Gari limeingia dukani: tukishasema ni kadari, tuseme na la pili

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, ami yangu aliingia na gari ndani ya mkahawa. Ni mkahawa mdogo karibu na kwetu Seeb, wa chai ya karaki na mikate ya jibini, na yeye huenda pale karibu kila usiku. Aligeuza pua ya gari ikaelekea mlangoni, kama tunavyofanya sote, akapiga honi, kisha akataka kusogea mbele kidogo ili mkia usizibe njia. Gari likaruka ukingo, likasomba viti viwili vya plastiki, likavunja kioo, likasimama lilipofika kwenye friji la soda. Kijana wa Kerala anayepeleka vikombe kwenye magari alikuwa amesimama baina ya viti na kioo. Mguu wake ulivunjika mahala pawili.

Ami ana miaka 79. Hakupata hata mchubuko. "Gari imekwenda yenyewe," aliwaambia polisi, akatwambia na sisi, na mpaka leo ndiyo kauli yake.

Usiku ule simu zilipigwa kutoka Dubai, Leicester na Dar es Salaam. Kila mmoja alisema aliyosema: alhamdulillahi mzee mzima, kadari haina kinga, jicho la watu hilo. Mimi pia nilisema hivyo. Bima ililipa kioo na friji, hospitali ikamtazama kijana, na baada ya wiki mbili habari ikawa imekwisha. Kinachonifanya niandike ni kwamba siku ya tatu nilikwenda kuomba radhi kwa mwenye mkahawa, nikakaa pale pale, na kwa mara ya kwanza nikatazama nilipokaa. Kiti changu kilikuwa hatua moja na nusu kutoka kwenye ukingo. Ukingo wenyewe haufiki shubiri. Mbele yangu magari manne, injini zinanguruma, yote yananitazama magotini.

Nimekaa mahala kama pale kwa miaka thelathini, na wewe msomaji bila shaka umekaa. Maduka yetu mengi ya Ghuba yamejengwa hivyo: kinyozi, dobi, baqala, duka la dawa, yote kwa safu moja, na mbele yake maegesho ambayo kila gari linaingia kwa kuelekeza pua kwenye kioo. Dereva anapofika, jambo la mwisho analofanya ni kukanyaga breki huku mbele yake kuna mtu. Tunategemea kwamba kila dereva, kila siku, atakanyaga pedali iliyo sawa. Wengi wanakanyaga iliyo sawa. Lakini mara ngapi kwa siku?

Nianze na hilo la gari kwenda lenyewe, maana katika familia yetu limeleta ugomvi. Vijana wanasema mzee anadanganya. Mimi siamini kwamba anadanganya. Anayekosea pedali haoni kwamba amekosea. Mguu unaamini uko kwenye breki. Gari linapokwenda badala ya kusimama, mguu unafanya kile ulichofunzwa maisha yote, unakandamiza zaidi, na gari linazidi kwenda. Yote yanapita ndani ya sekunde chache, na kinachobaki katika kumbukumbu ni kwamba "nilikanyaga breki mpaka chini". Huko Tokyo, mtaa wa Ikebukuro, mwezi wa Aprili 2019, mzee wa miaka 87 aliwagonga watu namna hiyo hiyo, akafariki mama mmoja na mtoto wake wa miaka mitatu. Mahakamani mzee alishikilia kwamba gari ndilo lililoharibika. Mwaka 2021 mahakama ilikataa hoja hiyo, ikamhukumu miaka mitano jela. Japani haikuishia kwenye hukumu. Imeamua kwamba kuanzia Septemba 2028 magari mapya ya abiria yenye gia za otomatiki yawe na kifaa kinachozuia gari lisirukie mbele pale ambapo kuna kizuizi karibu na dereva amekanyaga mafuta kwa nguvu. Wamekubali kwamba mguu wa binadamu utakosea, wakashughulikia kitakachofuata.

Kwa jamaa zetu wa Oman jambo hili lina uzito wa pekee. Wazee waliorudi kutoka Zanzibar na bara baada ya 1970, wakiwa vijana wenye vyeti vya skuli na Kiingereza, ndio waliosaidia kusimamisha maofisi, mahospitali na maskuli ya nchi hii. Sasa wana miaka sabini na themanini, na hapa mtu asiye na gari ni kama hana miguu. Mabasi yapo, lakini mzee hatatembea hadi kituoni mwezi wa Juni. Kumnyang'anya ami funguo ni kumfungia ndani. Nasema hivi kwa sababu suluhisho la kwanza linalomjia kila mtu ni "wazee wasiendeshe", na wanaolisema mara nyingi si wao watakaompeleka mzee msikitini alfajiri.

Halafu si wazee peke yao. Kijana anayetazama simu, mtu aliyeshikwa na kifafa au kushuka kwa sukari, dereva wa kupeleka vyakula aliyekesha, wote wanaweza kufika kwenye kioo kile kile. Sababu za dereva ni nyingi. Mahala anapokaa anayeumia ni pamoja.

Marekani kuna kesi iliyofungua macho ya wengi. Mwaka 2017, kwenye kitongoji cha Bensenville karibu na Chicago, mtu alikuwa amesimama mbele ya duka la 7-Eleven. Dereva aliyekuwa ameegesha akakanyaga mafuta badala ya breki, na yule mtu akapoteza miguu yote miwili. Kosa la dereva lilikuwa wazi. Lakini mawakili wa majeruhi walimfuata mwenye duka, na katika kesi hiyo ikatoka takwimu ya kampuni yenyewe: katika miaka 15, magari yalikuwa yamegonga mbele ya maduka yake nchini humo mara 6,253. Piga hesabu, ni zaidi ya mara moja kila siku. Hoja ikawa nyepesi. Jambo linalokutokea kila siku huwezi kuliita bahati mbaya, na kama unajua na nguzo chache za chuma zingelizuia, kwa nini hukuziweka? Mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 91.

Kwetu hapa swali hilo hata haliwezi kuulizwa, kwa sababu hakuna anayehesabu. Takwimu za ajali za Oman zinagawa ajali kwa aina: magari kugongana, kumgonga mtu, gari kupinduka, kugonga kitu kilichosimama. Ukuta wa chumba cha kulala, nguzo ya taa na mtende vyote viko katika fungu moja la vitu vilivyosimama. Ajali ya ami sijui imeandikwa fungu gani, la mguu wa kijana au la kioo.

Lazima niwe mwadilifu, nchi hii imepiga hatua kubwa. Mwaka 2012 barabara za Oman ziliua watu zaidi ya 1,100. Mwaka 2023 walikuwa chini ya 600, na watu na magari yameongezeka. Rada, faini, mikanda na barabara mpya vimefanya kazi. Lakini vyote hivyo vinatazama barabara kuu na mwendo wa kasi. Ami alikuwa anakwenda mwendo wa kobe. Hakuna rada itakayomuona mtu anayeegesha.

Nguzo basi. Nimeuliza mafundi, nimesoma, na jambo lenyewe halina siri. Nguzo ya kweli ni bomba la chuma nene lililojazwa zege, lenye msingi uliozama chini ya ardhi wenye kina cha kutosha, na linasimama karibu mita moja juu. Wamarekani wana kipimo maalumu kwa nguzo za mbele ya maduka: gari la kilo 2,268 linaigonga nguzo kwa mwendo wa kilomita 16, au 32, au 48 kwa saa, na wanapima gari limepenya kiasi gani. Si nguzo za kuzuia lori la magaidi, ni za kumzuia ami. Vyungu vikubwa vya maua vilivyokaa juu ya vigae bila kufungwa havizuii kitu, vinageuka kuwa mawe ya kurushwa. Na zile nguzo za plastiki za rangi ya machungwa zinainama kwa adabu na kulipisha gari.

Baada ya ajali mkahawa uliweka nguzo za plastiki. Nilipomuuliza mwenyewe, akasema za chuma ni kazi ya mwenye jengo. Mwenye jengo akaniambia eneo la mbele si lake, huwezi kuchimba bila kibali cha baladiya. Sikumlaumu yeyote. Kila mmoja amekodi au anamiliki kipande chake, na hatua moja na nusu ya kiti changu haina mwenyewe. Kuna njia rahisi kuliko zote ambayo haihitaji chuma, nayo ni kuchora upya maegesho ili magari yasimame ubavu kwa duka. Nafasi zitapungua, na wateja watalalamika, mimi wa kwanza.

Ningeishia hapo kama si kijana wa Kerala. Tulikwenda kumtazama, ami amebeba halwa. Kijana alimwita baba, akamwambia asijali, kisha akaniuliza mimi pembeni kama najua mshahara wake utakatwa, kwa sababu kwao wanangojea. Niliijua sauti ile. Ni sauti ya shangazi yangu wa Mombo kila tarehe 28.

Mombo ni kwetu. Babu alifungua duka pale enzi za Mwingereza, kama Waarabu wengi waliotawanyika kwenye miji midogo ya bara, na ami alizaliwa katika nyumba ile. Anayeijua njia ya Dar kwenda Moshi na Arusha anaijua Mombo: hapo ndipo barabara ya Lushoto inaposhuka kutoka milima ya Usambara ikakutana na barabara kuu. Mabasi yanasimama, malori yanasimama. Mwaka 2006 ukoo mzima ulichanga, tukajenga fremu sita mbele ya nyumba ya babu, zinatazama lami. Kodi yake inamlisha shangazi na kulipa skuli za wajukuu wawili. Ami ndiye aliyechanga zaidi na ndiye mwenye kauli.

Tulichonunua kwa pesa zile ni uso wa barabara. Fremu inayotazama lami ina kodi, fremu ya nyuma haina. Na kila mpangaji anajua hivyo hivyo, kwa hiyo naye anasogea. Fremu zenyewe ziko mbali kidogo na barabara, lakini maisha yametoka nje: fundi cherehani ametoa mashine barazani, mama lishe ameweka benchi na meko hatua kadhaa mbele, vijana wa bodaboda wana kijiwe chao chini ya mwarobaini, karibu kabisa na lami. Tunapouona mji umechangamka, tunachokiona ni watu waliosogea.

Tarehe 30 Juni 2023, jioni, katika njia panda ya Londiani huko Kericho, Kenya, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani likaingia katika matatu, bodaboda, wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri usafiri. Walikufa zaidi ya hamsini. Walikuwa pale kwa sababu pale ndipo penye wateja, kama Mombo. Waziri wa barabara wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alitoka na amri kwamba wachuuzi waondolewe kandokando ya barabara kuu. Unaweza kumwondoa mchuuzi asubuhi, na jioni mteja akamrudisha.

Lori si gari la ami. Lori lililojaa linaposhuka mlima mrefu, dereva anatakiwa ashuke kwa gia nzito, injini imshikie. Wengine wanatia gia huru kuokoa dizeli, wanashikilia breki njia nzima, breki zinapata moto mpaka zinaacha kushika. Watu wa Mbeya wanaujua mteremko wa Iwambi kwa huzuni hiyo. Na miji yetu mingi imezaliwa pale pale chini ya mlima, kwenye njia panda, kwa sababu ndipo msafiri anapopumzika. Hakuna nguzo ya bei ya kwetu itakayolisimamisha lori la tani thelathini, wala ukuta wa tofali za saruji. Kinachofaa kwa lori ni umbali tu.

Hapa nataka kusema neno juu ya X. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Waliokuwa ndani ya zile za zamani walipigwa X nyekundu, wabomoe bila fidia. Waliokuwa kwenye nyongeza walipigwa X ya kijani, watalipwa siku ardhi yao itakapohitajika. Fremu zetu zina ya kijani. Kwa miaka yote tumeizungumza kama habari ya pesa: watakuja lini, watatathmini vipi. Sijawahi kumsikia mtu, si kwetu wala kwa jirani, akisema kwamba mita zile ni nafasi ya lori kukosea bila kumkuta mtu. Kama mtu amepewa kazi ya kueleza sheria hii kwa wananchi, angeanza hapo.

Basi mwezi uliopita niliweka pendekezo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Fremu ya tatu na ya nne zibomolewe ukuta wa nyuma, ziwe njia ya kuingilia uani. Uani kwa babu ni mkubwa, kuna kivuli cha maembe. Mama lishe apike huko, benchi ziwe huko, bodaboda wapewe pa kusimama ubavuni. Mbele, usawa wa fremu zilizobaki, tuweke nguzo za bomba na zege kwa ajili ya magari madogo na pikipiki, ndani ya mpaka wetu. Tutapoteza kodi ya fremu mbili. Na nikaongeza dogo, kila mpangaji afundishwe kwamba gari likigonga, apige picha namba ya gari kabla halijavutwa, maana kwa namba hiyo mtu anaweza kuangalia kwenye mtandao wa TIRA kama lina bima hai na ya kampuni gani. Wapangaji wengi hawajui kwamba wana wa kumdai.

Nilitukanwa kidogo. Binamu wa Dubai aliandika kwamba tangu babu hakuna lori lililoingia pale, na kwamba nimeathirika na ajali ya mzee. Ni kweli nimeathirika. Mwengine akauliza kama nitafidia mimi kodi ya fremu mbili, swali zuri, na nimekubali kulipa nusu kwa mwaka wa kwanza. Lakini aliyenishinda ni shangazi. Alituma sauti, akacheka kwanza, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nikikaa uani nitawaona wapi watu?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Baraza si kiti tu. Mwanamke wa miaka sabini na tatu anayeishi na wajukuu wawili, watoto wake wakiwa Maskati na Uingereza, anaiona dunia kutokea pale mbele. Mimi nataka kumsogeza nyuma kwa usalama wake kutoka umbali wa kilomita elfu kadhaa. Mwisho tumeafikiana kwamba baraza lake libaki, lakini mwisho wa safu, upande wa mbali na njia panda, nyuma ya nguzo mbili na shina la mwembe mkubwa. Si salama kama uani, ila ni salama kuliko alipo sasa.

Kura ya mwisho ilikuwa ya ami. Alikaa kimya siku nne, kisha akaandika mstari mmoja kwenye kundi: vunjeni fremu, na kodi ya mwaka wa pili nitalipa mimi. Hakutaja mkahawa. Fundi ataanza masika yakikatika. Kijana wa Kerala amerudi kazini, anachechemea, na ami bado anakwenda pale kila usiku. Siku hizi anaegesha ng'ambo ya barabara na kuvuka kwa miguu, na akiulizwa anasema daktari amemwambia atembee.